Piramidi za Watoto: Kanuni Zilizokuja Baada ya Kuanguka

Leo tunazungumza juu ya mchezo wa watoto kupandana mabegani na kujenga piramidi. Tutaeleza historia yake, kwa sababu ina somo kwa kila mzazi ambaye mtoto wake yuko katika kikundi cha sarakasi, cha densi au cha michezo ya shule.

Mchezo huu tunaujua. Siku ya kufunga shule au siku ya sherehe mtaani, watoto hupanga safu, wakubwa wakawa chini. Juu kabisa hupandishwa yule mdogo kuliko wote, kwa sababu ni mwepesi. Anainua mikono, nasi tunapiga vigelegele. Sarakasi imewapa vijana wetu riziki, na wengine wamefika ng'ambo kwa sababu yake. Hatutaki iishe. Lakini mtoto yule aliye juu ana kichwa kizito kwa mwili wake na shingo ambayo haijakomaa, na mara nyingi chini yake ni simiti au ardhi ngumu.

Huko Marekani kuna mchezo wa jamii hii, wa vikundi vya kushangilia timu. Ulianza mwaka wa 1898 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell aliposimama mbele ya mashabiki akawaongoza kushangilia timu yao. Wakati huo ilikuwa ni kupaza sauti tu, na washangiliaji walikuwa wanaume. Wasichana walianza kuingia katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1948, Lawrence Herkimer alianzisha chama cha washangiliaji na kambi za kuwafunza vijana. Baadaye yakaja mashindano, yakaonyeshwa kwenye televisheni, na kila kikundi kikataka kukishinda kingine kwa kwenda juu zaidi. Mchezo wa kupaza sauti ukawa mchezo wa kupandana na kurushana hewani. Mchezo ulikua upesi, kanuni zikabaki nyuma.

Mwaka wa 1982, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walianza kuandika kila mwaka majeraha mabaya kabisa ya michezoni, yale ya kichwa na uti wa mgongo ambayo huua au kulemaza. Miaka ilipopita, hesabu yao ilionyesha jambo ambalo wazazi wengi hawakulitarajia. Kati ya wasichana wa shule za sekondari, zaidi ya nusu ya majeraha hayo yalitoka katika mchezo huu wa kushangilia. Mwaka wa 1987 kiliundwa chama cha makocha na washauri wa washangiliaji ili kusimamia usalama, na kanuni zikaanza kupunguza urefu wa piramidi. Hata hivyo, kurushana juu ya sakafu ngumu kuliendelea.

Tarehe 5 Machi 2006, katika mji wa St. Louis, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Kristi Yamaoka alianguka kutoka juu ya piramidi wakati wa mechi ya mpira wa vikapu. Alianguka karibu mita nne na nusu, kwenye sakafu ya uwanja. Mfupa wa shingo ulipasuka na ubongo ukatikisika. Alipokuwa akitolewa kwa machela, bendi ilipiga wimbo wa timu yake naye akacheza kwa mikono huku amelala. Watu walimshangilia kwa ushujaa wake. Alipona, lakini nchi nzima ilikuwa imeona.

Kanuni zikabadilika mwaka huo huo. Katika mechi za mpira wa vikapu za vyuo, ilikatazwa kumrusha mtu hewani au kujenga piramidi ndefu bila mikeka ya kuangukia. Miaka iliyofuata, majeraha mabaya ya kurushwa yalipungua sana. Mwaka wa 2012, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa ushauri wake: piramidi za watoto zisizidi watu wawili kwenda juu, zisijengwe mahali pagumu, penye maji au pasipo sawa, wawepo watu wa kudaka, na mtoto aliyegonga kichwa atoke mchezoni mpaka daktari amruhusu.

Je, kanuni ziliua mchezo? La. Mwaka wa 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi muungano wa kimataifa wa mchezo huo.

Japani nao walijifunza kwa uchungu. Huko shule nyingi zilikuwa zikijenga piramidi za wanafunzi siku ya michezo. Mwaka wa 2015, piramidi ya ngazi kumi iliporomoka katika shule moja ya mkoa wa Osaka, na wanafunzi wakaumia. Mwaka uliofuata, mji wa Osaka ulipiga marufuku piramidi katika shule zake. Na India, katika sherehe ya kupasua chungu kilichotundikwa juu, ambapo mtoto ndiye hupandishwa kileleni, suala lilifika mahakamani. Mwaka wa 2017, mahakama kuu ya Bombay ilikubali kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 asipandishwe.

Mnaona mfano huo, akina mama. Kila mahali, kanuni ilikuja baada ya mtoto wa mtu kuanguka. Sisi tunayo nafasi ya kuiweka kabla. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inasema masilahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Basi mama akienda kwa mwalimu au kocha kuuliza, hamsumbui mtu. Anafanya kazi yake.

Uliza maswali haya matano. Watoto wanaangukia nini, mkeka, godoro au simiti? Piramidi ina watu wangapi kwenda juu? Kama ni zaidi ya wawili, sema hapana. Nani anasimama kando kudaka, na je, ni mtu mzima? Kocha alijifunza wapi? Na mtoto akiumia, nani atampeleka hospitali, na kwa njia gani? Kama mikeka hakuna, kuna mambo mengi ya kufanya miguu ikiwa chini: densi, kuruka kamba, hata kubiringika mahali penye nyasi.

Sasa, mtoto akianguka. Usimwinue haraka, usimketishe, na usimkande shingo kwa mafuta. Kama analalamika shingo au mgongo, au mikono na miguu imekufa ganzi, mwache alale vile alivyo. Mtu mmoja ashike kichwa kisisogee, mwingine aite ambulensi. Kama gari haliwezi kuingia kwenye vichochoro vyetu, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mwili vikiwa vimenyooka, wamlaze juu ya ubao au mlango, na wazibe kando ya kichwa kwa leso zilizokunjwa. Asibebwe mgongoni wala kwa boda boda. Shingo iliyovunjika ikipindwa njiani, mtoto anaweza kupooza maisha yake yote.

Kama amegonga kichwa na anatembea, bado mwangalie kwa makini siku mbili. Mpeleke hospitali mara moja akitapika tena na tena, akizimia, akipata degedege, akisema maneno yasiyoeleweka, akilala usingizi ambao ni vigumu kumwamsha, au kichwa kikizidi kumuuma. Na hata akionekana mzima, asirudi mchezoni siku hiyo. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla ya kupona, hatari ni kubwa zaidi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Wiki hii, kabla ya mazoezi, nenda ukaone mtoto wako anapofanyia. Tazama chini, kwenye ardhi, kabla ya kutazama juu. Nenda na jirani yako, kwa maana sauti ya akina mama wawili husikika kuliko ya mmoja.