Habari ya Uvimbe wa Taya

Msomaji, huenda ukadhani kwamba elimu ya chembe za mwili na DNA ni mali ya miji ya mbali, na kwamba sisi wa Kakamega na jirani zetu hatuna fungu ndani yake ila kusoma yaliyogunduliwa na wengine. Dhana hiyo si sahihi. Sura moja kubwa ya elimu hiyo ilianza katika nchi zizungukazo Ziwa Viktoria, na mwanzo wake ulikuwa uso wa mtoto mgonjwa.

Mwaka 1957 Dk. Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakuutambua ugonjwa ule. Baada ya majuma machache alikuwa Jinja, akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Wa kwanza alikuwa ajabu. Wa pili akawa swali. Alichunguza madaftari ya hospitali, akaona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo, uliohesabiwa kuwa maradhi mbalimbali, ulikuwa saratani moja. Aliitangaza habari hiyo mwaka 1958.

Kisha akauliza: mbona maradhi haya yako hapa, na kule hayako? Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu kadiri ya kilomita 16,000 kwa majuma kumi, hospitali hadi hospitali, mpaka Afrika Kusini. Ramani waliyoipata ilionyesha kwamba saratani hiyo hukaa penye joto na mvua, na katika nchi zetu huadimika palipoinuka kupita mita 1,500 hivi. Ndiyo nchi ya mbu na malaria. Kakamega yetu iko karibu na kimo hicho, na magharibi ya Kenya ni miongoni mwa mahali pajulikanapo kwa ugonjwa huu.

Mwaka huohuo Burkitt alihutubia London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akashuku kirusi. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Siku moja ya Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege, ikatua Manchester. Kipande kikachelewa, na maji yake yakawa yamechafuka. Mwingine angalikitupa. Epstein alitazama kwa darubini, akaona chembe hai zinaelea, akazikuza. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kiitwacho leo Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuwa na mkono katika saratani ya binadamu.

Maabara ya George Klein huko Stockholm nayo ilipokea vipande kutoka Nairobi. Mwaka 1972 ilionekana kwamba kromosomu ya 14 katika chembe za uvimbe huo ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 ikadhihirika kuwa kimetoka katika kromosomu ya 8. Mwaka 1982 wataalamu walitambua kwamba kipande hicho kimebeba jeni ya MYC, iamuruyo chembe kugawanyika. Mahali papya, amri hiyo haina kikomo.

Lakini chembe zigawanyikazo upesi ndizo zidhurikazo upesi na dawa ziharibuzo DNA au kuzuia isitengenezwe. Kampala haikuwa na mashine ya kutibu kwa mionzi, basi Burkitt alijaribu dawa hizo, naye Peter Clifford akafanya vivyo hivyo Nairobi. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha tiba kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, na baada yake kikaongozwa na Charles Olweny, mwana wa Uganda.

Majina ya wataalamu yamo vitabuni. Ya watoto na mama zao mengi hayamo, ijapokuwa bila wao pasingalikuwa na ramani, kirusi wala dawa. Deni lao hulipwa kwa kutumia elimu waliyotuachia. Ugonjwa huu ungaliko, nao waweza kuponywa. Ila hukua kwa siku, haungoji miezi. Basi umwonapo mtoto amevimba taya, usiseme ni jino tu, wala usitafute mchawi. Mhimize mzazi wake ampeleke hospitali leo.