Msimu wa Carlisle wa Mwaka 1912

Mwaka 1879 serikali ya Marekani ilifungua shule ya bweni huko Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, kwa ajili ya watoto wa makabila ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Majengo yake yalikuwa kambi ya zamani ya jeshi, na mwasisi wake, Richard Henry Pratt, alikuwa ofisa wa jeshi. Watoto walipowasili walinyolewa, wakavishwa sare, wakapewa majina ya Kiingereza, na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Nia haikufichwa: mtoto aondoke pale akiwa amekwisha kuwa mtu mwingine.

Shule hiyo ndiyo iliyotoa mojawapo ya timu bora za mpira wa Kimarekani, mchezo ambao mpira wake wenye umbo la yai hukimbizwa mikononi zaidi kuliko kupigwa teke. Mwaka 1912 iliongozwa na mwalimu Glenn Warner. Nyota wake, Jim Thorpe wa kabila la Sac na Fox, alikuwa amerudi kutoka Stockholm na medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Wapinzani aghalabu walikuwa wazito zaidi. Vijana wa Carlisle walitegemea mbio na hila, hata adui asijue mpira umo mikononi mwa nani.

Tarehe 9 Novemba walikwenda West Point kupambana na chuo cha maofisa wa jeshi. Ni vigumu kuuhesabu huo kuwa mchezo mtupu. Hata miaka 22 ilikuwa haijatimia tangu askari wa jeshi lilo hilo walipowaua Walakota kwa mamia, wanawake na watoto wakiwamo, huko Wounded Knee, mwezi Desemba 1890. Upande wa jeshi alicheza Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Carlisle walishinda kwa pointi 27 dhidi ya 6. Juma lililofuata walishindwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, 34 kwa 26, na hawakushindwa tena. Katika michezo 14 walishinda 12, wakatoka sare mmoja, wakakusanya pointi 504.

Sifa zilikuwa nyingi. Haki ilikuwa haba. Mwaka 1913 Thorpe alinyang'anywa medali zake kwa sababu aliwahi kucheza besiboli kwa ujira mdogo. Uamuzi wa kuzirudisha ulitolewa mwaka 1982, naye alikuwa amefariki tangu 1953. Mwaka 1914 Gus Welch, mchezaji mwenzake, aliwaongoza wanafunzi kupeleka malalamiko serikalini, na Bunge likachunguza uendeshaji wa shule pamoja na fedha za michezo. Punde baadaye Warner aliondoka.

Shule ilifungwa mwaka 1918. Kambi ikarudi mikononi mwa jeshi, pamoja na makaburi ya wanafunzi waliofia pale. Tangu mwaka 2017 jeshi limekuwa likifukua baadhi ya makaburi hayo na kuwakabidhi jamaa zao mabaki ya watoto, wakazikwe kwao.