Kabla ya Kidonge: Safari Ndefu ya Dawa za Kupevusha Mayai Hadi Lodwar

Zaidi ya nusu ya watoto wa wafugaji wanaohamahama wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, huzaliwa kati ya Machi na Juni. Hayo yalichapishwa mwaka 1989 na Paul Leslie na P. H. Fry, kutokana na utafiti uliofuatilia kwa miaka mingi maisha ya wafugaji wa kusini mwa Turkana. Ukihesabu miezi tisa kurudi nyuma, unafika Juni hadi Septemba. Wakati huo mvua ndefu zimeshanyesha, majani yamechipuka, ngamia na mbuzi wana maziwa, na akina mama wameshiba. Kiangazi kikikaza, mimba hupungua. Sababu ni zaidi ya moja, maana kuna pia waume wanaokaa mbali wakifuata malisho, lakini chakula kina nafasi yake. Mwanamke akikonda sana, ubongo hupunguza ishara zinazoiamsha tezi ya pituitari, tezi hiyo nayo hupunguza homoni zake, na yai halipevuki. Mwanamke huyo anahitaji maziwa na nyama, wala hakuna kidonge kinachoweza kushika nafasi ya chakula.

Jambo hili ndilo linalosahaulika kila dawa za uzazi zinapozungumzwa. Yai linaweza kukosa kupevuka kwa sababu nyingi, na mwanamke anaweza kukosa mtoto ilhali mayai yake yanapevuka vizuri kila mwezi. Historia ya dawa hizi, kuanzia maabara za Ulaya hadi rafu za maduka ya dawa ya Lodwar, mji mkuu wa Turkana, ni historia ya watu waliotangulia kutibu kabla ya kujua wanachokitibu.

Ilianza kwa mkojo. Mwaka 1927, mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito una homoni yenye nguvu ya kuziamsha ovari za panya. Mwaka 1949 mwanakemia wa Italia, Piero Donini, alifanikiwa kutoa homoni za kukuza mayai kutoka kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Aliwachagua hao kwa sababu ovari zao zimeacha kufanya kazi, kwa hiyo pituitari humwaga homoni kwa wingi ikijaribu kuziamsha, na ziada hutoka na mkojo. Shida ilikuwa mahali pa kuupata mkojo mwingi kiasi hicho bila kuchanganyika na wa mwanamke mwenye mimba. Jawabu lilipatikana katika nyumba za watawa wazee wa Italia. Mkojo wao ulikusanywa na kupelekwa kiwandani Roma, na dawa ikaitwa Pergonal. Daktari Bruno Lunenfeld ndiye aliyeifikisha kwa wagonjwa, na mwaka 1962 mtoto wa kwanza kutokana na tiba hiyo akazaliwa Israel. Naona heshima kubwa katika jambo hilo: wanawake walioapa kutozaa walichangia wengine kuitwa mama.

Uswidi walishika njia nyingine. Mwaka 1958 Carl Gemzell alitangaza kwamba homoni zilizotolewa kwenye pituitari za maiti zinaweza kupevusha mayai. Dawa ilifanya kazi, na Australia ikaanzisha mpango wa serikali wa kuitumia kuanzia 1967. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 1985, ilipobainika kwamba homoni za pituitari za binadamu zinaweza kubeba ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ambao hauna tiba. Angalau wanawake wanne waliotibiwa utasa nchini humo walikufa kwa ugonjwa huo. Walikuwa watu wazima wenye afya, waliotaka mtoto tu.

Kidonge nacho kilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Klomifeni ilitengenezwa mwaka 1956 na Frank Palopoli katika kampuni ya Merrell, Marekani. Kwa panya ilizuia mimba. Kwa wanawake ikafanya kinyume, kama Robert Greenblatt alivyoripoti mwaka 1961. Dawa hii huziba milango ambayo ubongo huitumia kuhisi homoni ya estrojeni. Ubongo ukidhani estrojeni imepungua, huihimiza pituitari, na pituitari huzihimiza ovari. Kibali cha Marekani kilitolewa mwaka 1967 kwa jina la Clomid.

Sasa iangalie miaka hiyohiyo Turkana. Mwaka 1961 palikuwa na njaa kali, na ndipo wamisionari wa Kiltegan kutoka Ireland walipoingia na chakula. Chini ya ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, Lodwar ikijulikana zaidi kama mahali pa kuwaweka watu kizuizini, Mzee Jomo Kenyatta akiwa mmoja wao. Na mwaka 1967, mwaka uleule wa Clomid, Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango. Kwa hiyo homoni ziliwafikia wanawake wetu kwa lengo moja, kupunguza watoto. Serikali iliyoogopa wingi wa watu haikumwona mwanamke mmoja asiye na mtoto. Hata sera ya kujifungua bila malipo ya mwaka 2013, niliyoifurahia kama Mkenya yeyote, ilimpokea mama akiwa tayari na mimba.

Kwa Mturkana, kukosa mtoto hakuishii kwenye huzuni. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1940, aliandika kwamba taratibu za ndoa huchukua muda mrefu na hazikamiliki mpaka mtoto wa kwanza aanze kutembea. Mifugo ya mahari imetolewa, koo mbili zimefungamana, na macho yote yako kwa mke. Anapelekwa kwa emuron, yaani mganga wa jadi, anatambikiwa, na asipopata mimba lawama ni zake. Mume hapimwi. Hilo ni dhuluma, na ni kosa la kitabibu pia, kwa sababu mara nyingi tatizo liko kwa mwanamume au kwa wote wawili.

Mwaka 1985 matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi nyingi yalichapishwa katika jarida la Lancet. Yalionyesha kwamba utasa unaotokana na maambukizi, hasa mirija ya uzazi iliyoziba, ulikuwa mwingi zaidi Afrika kuliko kwingineko. Chanzo chake ni kisonono na klamidia zisizotibiwa, uzazi usio salama, na mimba zilizotolewa vibaya. Mirija iliyoziba haifunguliwi na klomifeni. Mwanamke anaweza kumeza vidonge mwaka mzima, mayai yakapevuka, yasifike popote. Na mrija ulioharibika bila kuziba kabisa huongeza hatari ya mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka Lokichoggio au Kalobeyei usiku, safari ya kwenda kwenye chumba cha upasuaji huamua nani ataishi.

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, tatizo hili ni zito zaidi. Wapo akina mama kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia, na baadhi yao walipitia vita, ubakaji au uzazi wa porini. Hospitali Kuu ya Kaunti na Rufaa iko Lodwar, kilomita 120 hivi kutoka kambini. Mji wa Kitale ni karibu kilomita 300 zaidi kusini, na mkimbizi anahitaji kibali cha kusafiri nje ya kambi.

Ndiyo maana kidonge cha dukani kinavutia. Pakiti ya klomifeni mara nyingi ina vidonge kumi vya miligramu 50. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni kidonge kimoja kwa siku, kwa siku tano tu za mwanzo wa mzunguko wa hedhi. Asiyeelezwa atavimeza vyote kumi, au ataviongeza akiona mwezi umepita bure. Dawa hii haimezwi kabla ya kuthibitisha kwamba hakuna mimba. Haimfai mwenye ugonjwa wa ini. Macho yakianza kuona ukungu au vimulimuli, huachwa mara moja na daktari hujulishwa. Kwa kawaida haiendelezwi kupita mizunguko sita. Huongeza pacha pia, na mimba ya pacha mbali na hospitali ni hatari.

Sindano za homoni, kama ile Pergonal, ni kali zaidi. Huko Cape Town, mnamo Januari 1974, Susan Rosenkowitz alijifungua watoto sita baada ya kutumia dawa za uzazi, na wote wakaishi. Dunia ilishangilia, lakini madaktari waliona onyo. Ovari zikichochewa kupita kiasi huvimba, maji hujaa tumboni, damu huganda, na mgonjwa anaweza kufa. Sindano hutaka ultrasaundi ya mara kwa mara, na nyingi hutaka ubaridi. Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, sindano iliyobebwa kwenye mkoba si ya kuaminiwa.

Dawa imeboreka. Mwaka 2014 Richard Legro na wenzake walilinganisha klomifeni na letrozoli, dawa ya saratani ya matiti, kwa wanawake 750 wenye vivimbe vingi kwenye ovari. Waliojifungua kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni 19.1. Nairobi nayo ilipata watoto wake wa kwanza waliotungwa maabara mwaka 2006, kupitia kazi ya Dkt. Joshua Noreh. Ni habari njema, ila tiba hiyo, kwa gharama yake, haimfikii mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame.

Kinachoweza kumfikia ni vipimo: shahawa za mume chini ya hadubini, damu, ultrasaundi, na picha ya eksirei ya mirija. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi, na mke wa Turkana asiye na mtoto yumo. Kaunti itenge fedha za vipimo hivyo Lodwar, na mashirika yanayohudumia Kakuma yaviweke katika orodha ya rufaa. Nawe dada, kabla ya kununua pakiti hiyo, nenda kliniki na mumeo, mpimwe wote wawili, na umwulize daktari yai lako lina tatizo gani. Asipokuwa na jibu, usimeze.