Matuta ya Shambani na Matuta ya Barabarani

Kijana wa bodaboda aliyenipandisha Zirai alikuwa na kovu refu mguuni, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kwamba aliteleza kwenye kona siku ya mvua akiwa amempakia mama mgonjwa. Wapita njia waliwainua, wakawafikisha zahanati, na maisha yakaendelea. Nikamuuliza kama taarifa ilifika polisi. Akacheka. "Mwalimu, polisi wataijuaje? Pikipiki ilikuwa yangu, mti niliougonga ulikuwa wa msitu, na mama alipona."

Nimekuwa nikilikumbuka jibu hilo kila ninaposoma taarifa za ajali. Karibu zote huwa na sentensi ambayo Watanzania tumeihifadhi vichwani: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva. Sibishi kwamba uzembe upo. Ninachohoji katika makala haya ni desturi yetu ya kuhukumu mwenendo wa watu barabarani kabla ya kuutazama na kuuelewa. Desturi hiyo ina historia, na sehemu yake iliandikwa katika milima hii hii ya Usambara.

Barabara za Usambara hazikujengwa kwa kufuata nyayo za Washambaa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka 1905 ilikuwa imefika Mombo. Kutoka hapo barabara ilipanda kwa kuzungukazunguka kupitia Soni hadi Wilhelmstal, mji ambao leo tunauita Lushoto. Upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, ambako ndiko iliko Zirai, kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa mwaka 1902, na reli nyembamba ya Sigi ikajengwa kuteremsha magogo. Kila njia ilikuwa na mzigo uliokusudiwa: mbao, kahawa, na baadaye chai. Mtembea kwa miguu hakuwa katika hesabu.

Lakini mtembea kwa miguu alikuwapo kabla ya barabara. Njia za miguu za mlimani hukata moja kwa moja, kutoka nyumba hadi shamba, kutoka shamba hadi kijito. Barabara ya magurudumu haiwezi kupanda hivyo. Hulazimika kuuzunguka mlima kidogo kidogo. Kwa hiyo hukutana na njia za miguu mara nyingi, na mara nyingi ni kwenye kona, mahali ambapo dereva haoni mbele. Hapo ndipo mama mwenye mzigo wa kuni kichwani huibuka ghafla mbele ya lori. Dereva atasema mama amekurupuka. Kwa mtazamo wa historia, mama yuko kwenye njia yake. Barabara ndiyo iliyomkuta.

Kisa cha pili ni cha kilimo, lakini naomba msomaji anivumilie. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa na kuitwa Mpango wa Usambara. Wataalamu waliona mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Tiba yao ilikuwa kuwalazimisha wakulima kujenga matuta kwenye miteremko. Aliyekaidi alikabiliwa na adhabu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba waliopinga matuta hawakuwa watu wajinga wasioipenda ardhi yao. Walikuwa na hoja kuhusu haki ya ardhi, kuhusu kazi nzito iliyowaangukia zaidi wanawake, na kuhusu riziki ya wasio na kitu. Hoja hizo hazikusikilizwa kwa sababu zilikwisha kupewa jina: ukaidi. Upinzani ukakua, TANU ikapata wafuasi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Udongo uliendelea kumomonyoka.

Serikali ile iliupima udongo kwa makini, lakini haikumpima mkulima. Ilijua mteremko una nyuzi ngapi. Haikujua kwa nini mtu analima hivyo anavyolima. Nadhani urithi huo tumeuhamishia barabarani. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyofanyiwa marekebisho kadhaa. Tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, yenye mabango na hotuba. Tuna faini. Vyote vina kazi yake, lakini vyote vinamchukulia mtumiaji wa barabara kama mtu wa kuelekezwa na kuadhibiwa. Ni mara chache tunamchukulia kama mtu wa kuchunguzwa kwa heshima ili tujue anafanya nini na kwa nini. Hata bodaboda zenyewe zilibeba abiria kwanza, ndipo zikatungwa kanuni za kuzipa leseni mwaka 2010. Mwenendo ulitangulia, sheria ikaukimbilia kwa nyuma.

Matokeo ya kutotazama yanaonekana hata katika hesabu ya vifo. Kwa mwaka 2016, takwimu rasmi za Tanzania zilionyesha vifo 3,256 vya ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kuwa vilizidi 16,000. Makadirio ni makadirio, na mtu anaweza kuyajadili. Hata hivyo, pengo kubwa kiasi hicho halielezeki kwa makosa ya kalamu. Pengo kama hilo hupata mahali pa kukaa palipo na mteremko, mvua, pikipiki na zahanati, lakini hapana anayeandika.

Je, kutazama kunaleta tofauti? Majirani zetu wa Kenya wana mfano. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni kali za waziri wa uchukuzi John Michuki kwa matatu: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, sare za wafanyakazi. Nidhamu ilirudi, lakini ilipungua kadiri usimamizi ulivyolegea. Baadaye watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, waliuliza swali jingine: ndani ya matatu inayokimbizwa kwa kasi ya kutisha, abiria hufanya nini? Jibu, kama kila mmoja wetu anavyojua, ni kwamba hunyamaza. Kila mmoja anaogopa, na kila mmoja anasubiri mwingine aseme. Basi wakabandika stika ndani ya baadhi ya matatu zilizochaguliwa kwa kura, zikiwahimiza abiria kupaza sauti, na madereva waliozitunza wakaingizwa katika bahati nasibu ya zawadi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, madai ya bima kutokana na ajali katika magari yaliyobandikwa yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha ajali kupungua kwa robo hadi theluthi. Hakuna aliyefungwa. Kilichobadilika ni ukimya wa abiria, na ukimya huo usingejulikana kuwa sehemu ya tatizo kama asingekuwapo mtu wa kuuchunguza.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilichunguza maeneo yanayozunguka shule za msingi: watoto wanatokea wapi, wanavukia wapi, magari yanakimbia wapi. Kisha likafanya mambo madogo yasiyo na fahari: njia za waenda kwa miguu, vivuko, alama, vizuizi vya kuyatenga magari na watoto, na matuta ya kupunguza mwendo. Tathmini iliyochapishwa ilionyesha majeraha kwa watoto kupungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Lugha yetu inatumia neno lile lile, matuta, kwa kitu kilichokataliwa Mlalo na kitu kilichookoa watoto Dar es Salaam. La kwanza lilikuja na amri. La pili lilikuja baada ya mtu kusimama kando ya barabara na kuangalia mtoto anapita wapi.

Nikiwa Zirai nilijaribu kufanya hivyo kwa asubuhi moja. Sikufanya utafiti, niliketi tu juu ya jiwe karibu na kona. Niliona pikipiki zikiteremka injini zikiwa zimezimwa. Kitabu cha sheria kitasema uzembe. Vijana waliniambia petroli huku juu inauzwa kwa chupa na ni ghali kuliko ya bondeni, na mteremko ni wa bure. Niliona kofia ngumu zikining'inia kwenye usukani. Wakasema abiria hawataki kuvaa kofia iliyovaliwa na mtu asiyemjua. Niliona mishikaki, abiria wawili na mtoto katikati. Mama mmoja akaniambia nauli ya pikipiki mbili ndiyo chakula cha jioni. Hakuna hata moja kati ya majibu haya linaloifanya hatari isiwe hatari. Lakini kila jibu linaonyesha mahali ambapo tiba inaweza kushika: bei ya mafuta, usafi wa kofia, gharama ya safari. Faini haigusi hata kimoja.

Najua kuna watakaosema kwamba kuelewa ni kutetea. Nawaelewa, hasa wale waliozika watu wao. Mei 2017 basi dogo la wanafunzi lilitumbukia korongoni Karatu, likaua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Nani katika nchi hii hakulia? Lakini tazama: dereva naye alikuwa amekufa. Adhabu haikuwa na wa kumfikia. Yaliyobaki ni maswali kuhusu mteremko, gari, na idadi ya waliopakiwa, na maswali hayo ndiyo pekee yanayoweza kumlinda mtoto wa basi linalofuata. Mwaka huo huo wa 2017 ilianzishwa TARURA, kusimamia barabara za vijijini na mijini. Kabla ya hapo, mwaka 1997, bunge la Sweden lilikuwa limekubali kwamba binadamu atakosea daima, na kwamba kazi ya mjenzi wa barabara ni kuhakikisha kosa hilo haligeuki kifo. Kanuni hiyo haihitaji utajiri wa Sweden ili ieleweke.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu waende kwenye kona za vijiji vyao wakiwa na daftari na saa. Nawaomba watumishi wa halmashauri wafungue rejesta za zahanati, ambako mifupa iliyovunjika huandikwa hata pale ambapo polisi hawakuitwa, kisha waweke alama kwenye ramani palipotokea. Nawaomba wanaharakati wasisubiri ajali ya watu thelathini ndipo waandike.

Kijana wangu wa Zirai bado anapita kwenye kona ile ile kila siku. Nilimuuliza kama kuna wengine walioanguka pale. Alifikiri kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikumtosha. Orodha hiyo ipo kichwani mwake. Hakuna aliyewahi kumwomba.