Priampu na Sauti Iliyorejea Nyumbani

Sauti ya mwanadamu inapogusa maikrofoni hugeuka kuwa umeme, lakini umeme huo ni mdogo mno. Mtu akiimba karibu na maikrofoni ya dinamiki hutoa milivolti chache tu. Akinena kwa upole hutoa pungufu ya hapo. Kabla ya kufaa kutiwa katika utepe au katika kompyuta, umeme huo hauna budi kukuzwa mara mia, na pengine mara elfu. Chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa priampu. Msikilizaji hakioni, wala hakitajwi mwimbaji anaposifiwa. Walakini katika habari zake limo swali zito: nani aliyeweza kuhifadhi sauti yake, na nani aliyekosa kwa uhaba wa fedha.

Kabla ya mwaka 1925 sahani za santuri zilirekodiwa bila umeme. Waimbaji na wapigaji walisongamana mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti zao ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora nta. Mwenye sauti kubwa alisikika, mwenye sauti laini alipotea. Njia ya kutoka katika dhiki hiyo ilianzia katika simu, si katika muziki. Lee de Forest wa Marekani alitengeneza valvu yake mwaka 1906, na baada ya kuboreshwa na wengine ikatumiwa kukuza maneno yaliyofifia njiani. Kwa msaada wake simu ya kutoka New York hadi San Francisco ilifunguliwa mwaka 1915. Mwaka 1916 E. C. Wente wa Western Electric akabuni maikrofoni ya kondensa. Ilikuwa sikivu na yenye kunasa sauti kwa uaminifu, lakini umeme wake ulikuwa hafifu hata ukahitaji valvu ya kuukuza hapo hapo. Hivyo maikrofoni njema na priampu zilikua pamoja kama pacha. Mwaka 1925 makampuni ya Victor na Columbia yakaanza kuuza sahani zilizorekodiwa kwa umeme.

Vyombo hivyo vilikuwa ghali na vizito, na wenye navyo walikuwa makampuni na vituo vya redio. Mwimbaji alikifuata chombo. Chombo hakikumfuata mwimbaji. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili nyimbo zao zitiwe katika sahani. Safari ile ilileta heshima kubwa, lakini waimbaji wangapi wa pwani walikufa na sauti zao kwa sababu hapakuwa na aliyewaita?

Mabadiliko yalikuja polepole. Transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell mwezi wa Desemba 1947, na baada ya miaka michache ikaanza kushika mahali pa valvu, kwa kuwa ilikuwa ndogo na ilihitaji umeme kidogo. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilitengeneza maikrofoni ya transista kwa redio ya Norway. Studio za huko zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi umeme huo ukapelekwa katika maikrofoni kwa waya ule ule uliobeba sauti. Ndiyo asili ya volti 48 zinazotolewa na priampu hata leo. Mwaka 1970 Rupert Neve wa Uingereza alitoa priampu aina ya 1073, ambayo sifa zake zimeenea duniani, na bei yake imebaki juu.

Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa Portastudio, sanduku moja lenye priampu na kinasa cha kaseti cha njia nne. Mapema mwaka 1982 Bruce Springsteen alikaa nyumbani kwake New Jersey na chombo hicho pamoja na maikrofoni mbili za Shure SM57. Alikusudia kuonyesha nyimbo tu, ili bendi yake izirekodi baadaye studioni. Bendi ilijaribu, lakini upweke uliokuwa katika kaseti haukupatikana tena. Mwishowe kaseti yenyewe ikawa albamu ya Nebraska, iliyotoka mwaka huo huo.

Wako wanaotumia kisa hicho kusema kwamba chombo chochote chafaa. Hoja hiyo ni pungufu. Kaseti ile ilikuwa na sauti ya chini, na mafundi walitaabika sana kabla haijafaa kukatwa katika sahani. Kisa kile chafundisha jambo jingine: upungufu wa chombo una gharama yake, lakini gharama hiyo yaweza kulipika, ambapo wimbo usio na uhai hauna fundi wa kuufufua.

Anayechagua priampu ya bei nafuu leo ana mambo matatu ya kupima. Kwanza ni nguvu ya kukuza: maikrofoni ya dinamiki mbele ya msemaji mpole yaweza kuhitaji desibeli 60, yaani mara elfu. Pili ni volti 48, ambazo maikrofoni nyingi za kondensa haziwezi kufanya kazi bila hizo. Tatu ni mvumo. Hapa maumbile yenyewe yameweka mpaka: ukinzani wa omu 150 hutoa mvumo wa kiasi cha -131 dBu kwa sababu ya joto lake tu, na hakuna fedha iwezayo kuuondoa. Priampu nyingi za bei ya chini sasa hutangazwa kufikia -127 au -128. Basi anayelipa mara kumi zaidi hanunui ukimya mara kumi. Hununua desibeli chache, uimara, na pengine ladha ya transfoma. Ladha si uongo, ila isiitwe lazima.

Kuhusu majina, tahadhari yafaa. Rupert Neve ndiye aliyeanzisha Focusrite mwaka 1985, kisha kampuni ikapita mikononi mwa wengine. Jina hilo likaonekana katika Mbox mwaka 2002, na katika visanduku vya Scarlett mwaka 2011, vilivyowafikia watu wengi wasiowahi kuingia studio. Jina lilirithiwa, haifuati kwamba vyombo vya ndani ni vile vile.

Usione vyaelea, vimeundwa. Miaka mia moja ya kazi imo katika kisanduku kinachotosha kiganjani. Kwa bei yake bibi mwenye hadithi aweza kuhifadhiwa akiwa juu ya mkeka wake. Kizuizi kilichobaki hakimo sana katika priampu. Kimo katika kelele za chumba, katika mahali maikrofoni inapowekwa, na katika kuahirisha kazi mpaka mwenye sauti amekwisha kuondoka.