Sumaku Ilipata Sifa, Waya Ukafanya Kazi

Mei 1977, Brooklyn, New York. Daktari Raymond Damadian alivishwa kifuani duara la kadibodi lililozungushiwa shaba, akaingia katikati ya sumaku ambayo yeye na vijana wake wawili, Michael Goldsmith na Lawrence Minkoff, walikuwa wameiunda wenyewe. Mashine aliipa jina Indomitable, yaani isiyoshindika. Siku hiyo ilishindika. Walisubiri mawimbi kutoka mwilini mwake, hayakuja. Baada ya kuumiza vichwa wakaanza kushuku unene wa daktari: mwili wake ulikuwa mkubwa mno kwa koili ile ya kadibodi, ukawa unaizima. Akatafutwa mwembamba. Tarehe 3 Julai aliingia Minkoff, akawa anasogezwa kidogo kidogo kwa karibu saa 5, na pointi 106 zilizokusanywa zikatoa picha ya kifua cha mtu aliye hai. Sumaku ilikuwa ile ile. Koili nayo ile ile. Kilichobadilika ni kifua.

Historia ya MRI, upigaji picha za mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya sumaku kubwa na ugomvi mkubwa. Mwaka 2003 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, na Damadian, aliyeachwa nje, akalipia kurasa nzima za magazeti kulalamika. Ugomvi huo una utamu wake, lakini unatupotezea njia. Anayelala kwenye mashine leo na kutoka baada ya nusu saa, badala ya saa 5, ana deni kwa watu ambao majina yao hayafahamiki nje ya fani: mafundi wa koili.

Tuone kwanza koili hufanya nini. Mwili umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina atomu 2 za hidrojeni. Kiini cha kila atomu hiyo, protoni, ni kijisumaku. Mtu akilazwa ndani ya sumaku ya tesla 1.5, protoni zake hujipanga kuifuata, ila kwa uvivu wa ajabu: zinazoielekea huzidi zinazoipa mgongo kwa kama 5 tu katika kila milioni. Koili ya kurushia hutuma mawimbi ya redio ya megahezi 64, na protoni hizo zikayumba. Zikirudi mahali pake nazo hutoa mawimbi ya masafa yale yale, hafifu kupita kiasi, na koili ya kupokelea ndiyo huyanasa. Megahezi 64 iko chini kidogo ya redio za FM. Mashine za tesla 3 hufanya kazi karibu na megahezi 128, juu kidogo ya FM. Ndiyo sababu kuta za chumba cha MRI hufunikwa shaba, na mlango wake hubana pande zote kama umefungwa vizuri, redio za mjini zisije zikaingia kwenye picha.

Koili ni kongwe kuliko picha yenyewe. Mwaka 1946 makundi mawili ya Marekani yasiyowasiliana yalitangaza kuwa yamenasa mawimbi haya: la Edward Purcell kule Harvard, lililotumia nta ya parafini, na la Felix Bloch kule Stanford, lililotumia maji. Kwa miaka zaidi ya 20 chombo kilibaki cha wanakemia, na koili ilikuwa waya mdogo uliozungushwa kwenye kichupa. Ndipo mwaka 1973 Lauterbur akachapisha katika jarida la Nature, lililokuwa limemkataa kwanza, picha ya mirija 2 ya maji. Ujanja wake ulikuwa kuifanya sumaku iwe na nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo masafa ya mawimbi yakawa yanaeleza protoni iko wapi.

Toka kichupa hadi mtu mzima ni safari nyingine. Kundi lililoimaliza kwa maana ya kitabibu lilikuwa Aberdeen, Scotland, chini ya Profesa John Mallard. Sumaku yao ilikuwa ya tesla 0.04, mara 37 hivi dhaifu kuliko ile ya tesla 1.5. Tarehe 28 Agosti 1980 walimpiga picha mgonjwa wa saratani, na picha ikaonyesha uvimbe kifuani, kasoro kwenye ini na saratani iliyosambaa hadi mifupani. Miongoni mwa wataalamu wa Aberdeen alikuwemo Mmarekani kijana, William Edelstein, ambaye kabla ya hapo alikuwa akishughulika na mawimbi ya mvutano. Muda si mrefu alirudi kwao Marekani, kwenye maabara ya General Electric jijini Schenectady, na tutakutana naye tena.

Wakati huo David Hoult na Lauterbur walikuwa wameshaandika, mwaka 1979, jambo lililobadilisha fikra za wajenzi wa koili. Mwili wa mtu una chumvi na unapitisha umeme, kwa hiyo wenyewe una kelele za kiumeme. Koili kubwa inayomzunguka mgonjwa hupokea kelele za mwili mzima, hata kama daktari anataka goti tu. Kwa mashine zenye nguvu, kelele hizo ndizo zinazoharibu picha, wala si ubovu wa waya.

Dawa yake unaweza kuikisia: punguza duara, lisogeze karibu. Mwaka 1980 Joseph Ackerman na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba koili ndogo bapa, iliyowekwa tu juu ya ngozi ya panya, inapokea vizuri mawimbi ya fosforasi kutoka kwenye msuli na ubongo ulio chini yake, na sehemu nyingine za mwili haizipokei. Kasoro ni kwamba koili ya namna hiyo ina macho mafupi. Inaona umbali unaokaribiana na nusu ya upana wake, basi.

Kwa kichwa kizima lilihitajika umbo jingine. Mwaka 1985 Cecil Hayes, akiwa na Edelstein na wenzao wa Schenectady, alitoa koili inayofanana na tundu la ndege, na hilo ndilo jina lake hadi leo: pete 2, moja juu na moja chini, zilizounganishwa kwa fito za shaba, na kapasita zikiwa zimepangwa katikati. Umeme haupandi katika fito zote kwa wakati mmoja. Hupishana, fito baada ya fito, na matokeo ni uga wa sumaku unaozunguka ukiwa sawa karibu kila mahali ndani ya tundu. Kwa macho yangu hiki ndicho kifaa kizuri kuliko vyote katika mashine nzima, na ni ajabu kwamba wagonjwa huingizwa kichwa ndani yake bila kuambiwa wanachokitazama.

Miaka 5 baadaye ikaja hatua kubwa zaidi. Kama koili ndogo inapokea vizuri lakini haioni mbali, kwa nini zisiwekwe nyingi? Kwa sababu koili 2 zikikaribiana huingiliana: umeme wa moja huamsha umeme katika nyingine, na zote mbili hupoteza masafa yake. Peter Roemer, akiwa na Edelstein na Hayes hao hao, alitoa jibu mwaka 1990. Zipandianishe kama makuti. Kuna kipimo maalumu cha kupandiana ambapo kuathiriana kwa koili jirani kunajifuta. Kwa koili zisizopakana, waliongeza vikuza mawimbi vinavyozuia umeme usizunguke ndani ya koili. Walianza na koili 4 chini ya uti wa mgongo. Leo koili za kichwa zenye chaneli 32 au 64 ni jambo la kawaida kwenye mashine kubwa.

Faida ya pili ya wingi huo haikutarajiwa. Kila koili huuona mwili kutoka mahali pake, kwa hiyo tofauti zao ni taarifa. Mwaka 1997 Daniel Sodickson na Warren Manning kule Boston, kisha mwaka 1999 kundi la Klaas Pruessmann kule Zürich, walitumia tofauti hizo kuruka sehemu ya vipimo na kuikokotoa badala ya kuipima. Muda ukapungua kwa nusu au zaidi. Kwa mgonjwa anayeambiwa abane pumzi, nusu hiyo si haba.

Zipo koili nyingine ambazo kila aliyepimwa anazijua kwa masikio: zile zinazotekeleza ujanja wa Lauterbur wa kuipa sumaku upande wenye nguvu zaidi. Umeme mwingi huwashwa na kuzimwa ndani yake upesi sana, na waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa. Ule mgongano unaosikika ni nyaya zinazoruka mahali zilipofungwa. Ni Mansfield, pamoja na Barry Chapman wa Nottingham, waliopendekeza mwaka 1986 kuzifunika kwa koili za pili zinazopinga uga unaovuja nje na kuisumbua sumaku. Kelele yenyewe bado tunaizibia masikio.

Kupandiana kwa makuti nako kulileta shida yake. Kipimo kikishawekwa, koili haziruhusiwi kusogea, kwa hiyo zilifungiwa kwenye maganda magumu na mazito. Mtoto mchanga mara nyingi huwekewa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Mwaka 2016 timu ya Ana Claudia Arias na Michael Lustig wa Berkeley, California, ilichapa koili kwa wino wa fedha juu ya plastiki inayokunjika, kwa njia inayotumika kuchapa fulana. Miaka 2 baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York, Sodickson akiwemo, walishona glavu yenye koili zisizojali kupandiana kwake, na wakapiga picha za kano za mkono ukiwa unakunja vidole.

Sambamba na hayo kuna habari ya Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda. Johnes Obungoloch, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, aliyesomea Marekani kwa Profesa Steven Schiff, aliungana na kundi la Andrew Webb wa Leiden, Uholanzi, kuunda mashine ya MRI. Lengo lilikuwa watoto wenye vichwa vikubwa, ugonjwa wa maji kujaa ndani ya ubongo. Daktari wa upasuaji anataka kujua maji yako wapi na ubongo umebaki kiasi gani, na kwa hilo hahitaji picha ya kutundikwa ukutani. Vifaa vilitoka Uholanzi, na wakufunzi 4 wakiwa na watu 6 ambao hawakuwa na uzoefu waliiunganisha mashine hadi picha ya kwanza kwa takriban siku 11. Ripoti yao ilitoka mwaka 2023. Mashine hiyo haina heliamu ya kupozea sumaku; uga wake unatokana na sumaku ndogo ndogo za kudumu zilizopangwa kwenye duara, na nguvu yake ni tesla 0.05 hivi, karibu sawa na ile ya Aberdeen.

Hapo hesabu ya Hoult na Lauterbur inageuka. Kwenye megahezi 2 mwili unatulia, na kelele kubwa inatoka kwenye waya wenyewe. Ubora wa picha unategemea aina ya waya, nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, na mkono wa aliyeuzungusha. Uga wa sumaku ya namna hiyo hukatisha bomba analolazwa mgonjwa badala ya kulifuata, kwa hiyo hata tundu la ndege halihitajiki: inatosha waya uliozungushwa kwenye umbo la plastiki linaloingia kichwa cha mtoto, kama wanakemia wa zamani walivyozungusha wao kwenye vichupa. Sumaku zake bado zinaagizwa ng'ambo. Koili ikikatika, inaweza kuzungushwa upya Mbarara.