HUNTHA ASIMAME SAFU GANI?



Ndugu zangu katika imani, tangu Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua, Aprili 2025, kwamba neno "mwanamke" katika sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 maana yake ni mwanamke kwa maumbile ya kuzaliwa, mmenijaza video na maswali. Nani aingie choo cha wanawake, nani alale wodi yao, nani afungwe jela yao. Wengi mnataka niseme neno moja tu, kisha mcheke. Na maneno mnayoandika hapa chini mengine siwezi kuyasoma mbele ya wanangu.

Mimi leo sicheki, na sababu yangu nitawaambia.

Mwaka jana niliigusa habari hii katika hotuba. Nikatumia neno "hanithi" kwa kejeli, watu wakatabasamu, nami nikaona nimepatia. Baada ya swala ya Alasiri siku iliyofuata akanijia mama mmoja na mtoto wa miaka saba. Akasema: "Shekhe, jana nilikuwa nyuma ya pazia, nimekusikia. Huyu mwanangu alizaliwa, mkunga akashindwa kusema ni wa kike au wa kiume. Nataka asome chuoni kwako. Nimkalishe upande gani?"

Ndugu msomaji, nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba msamaha palepale. Kisha nikamwambia anipe siku chache, nikarudi kwenye vitabu. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyapitia.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kina "huntha" na kina "hanithi", yote mawili yametoka shina moja la Kiarabu. Huntha ni mtu aliyezaliwa na viungo vya pande zote mbili, au asiye na alama iliyo wazi. Hanithi ni neno jingine na hukumu nyingine. Sisi tumeyachanganya yote, tukayafanya matusi ya barazani. Wanazuoni hawakuyachanganya.

Habari ya huntha ni kongwe kuliko Uislamu. Ibn Hisham ameitaja katika Sira. Waarabu wa zamani walikuwa na mwamuzi mkubwa, Amir bin Dharib al-Adwani, ambaye kila kesi ngumu ilipelekwa kwake. Siku moja wakamletea mirathi ya huntha: apewe fungu la mwanamume au la mwanamke? Akawaambia wasubiri. Usiku kucha akagaagaa kitandani. Alikuwa na mjakazi akiitwa Sukhayla, mchunga kondoo wake, ambaye kila siku alimkaripia kwa kuchelewa kuwatoa asubuhi na kuchelewa kuwarudisha jioni. Mjakazi akamwona hana usingizi, akamuuliza una nini. Kwanza akamkemea, kisha akamweleza. Sukhayla akamjibu kwa wepesi: angalia anakojolea wapi, na hukumu ifuate hapo. Asubuhi Amir akatoka akahukumu hivyo. Uislamu ulipokuja kanuni hiyo haikufutwa, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (radhi za Allah zimshukie) alihukumu kwayo. Tazama basi: mlango mzima wa fiqhi unaanza na rai ya mchunga kondoo aliyekuwa akigombezwa kila siku.

Lakini yupo ambaye hata alama hiyo haisaidii, wala baleghe haijamfafanua. Huyu vitabu vinamwita huntha mushkil, yaani ambaye jambo lake limefungamana. Na hapa ndipo utaona wazee wetu walivyofanya kazi. Imamu Sarakhsi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi wa karne ya 5 Hijria, alisomesha kitabu chake al-Mabsut akiwa gerezani Uzjand, akiwatamkia wanafunzi wao wakaandika. Mtu yuko kifungoni, na bado akatenga kitabu kizima ndani yake kwa ajili ya huntha.

Asimame wapi msikitini? Wakapanga hivi: wanaume mbele, kisha watoto wa kiume, kisha huntha, kisha wanawake. Wakampa safu yake. Hawakusema aswali nyumbani kwa sababu anatutatiza. Na akisimama safu ya wanaume? Hanafi wakasema swala yake yeye imetimia. Wanaotakiwa kurudia, kwa tahadhari, ni wa kuliani kwake, wa kushotoni, na aliye nyuma yake. Akisimama safu ya wanawake, ndipo yeye hupendekezewa arudie. Nimelisoma hilo mara mbili. Katika sura ya kwanza uzito wameubeba majirani. (Sisi Shafi'i hatuna hukumu hiyo ya kurudia, lakini mpango wa safu tunao.)

Na akihirimia Hija, avae nini? Mwanamume huvua vilivyoshonwa, mwanamke havui. Imamu Muhammad bin Hasan akasema avae kama mwanamke, kwa sababu kosa la mwanamke kujifunua ni zito zaidi. Lakini Abu Yusuf, aliyekuwa kadhi mkuu wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, alipofika hapo akasema hana elimu juu ya vazi lake. Kadhi mkuu! Sisi wa simu hatujawahi kushindwa na swali.

Akifa, nani amwoshe? Kwetu Shafi'i akiwa na maharimu, huyo ndiye mwoshaji. Asipokuwepo wametofautiana: wapo waliosema atayamamishwe, na wapo waliosema aoshwe juu ya nguo bila kufunuliwa. Katika kauli zote mbili sitara yake ndiyo inayolindwa, hata akiwa maiti.

Sasa utaniuliza: Shekhe, je, hiyo ni ruhusa kwa kila anayesema "mimi najiona mwanamke" aingie kwa wanawake? Hapana. Na ushahidi uko Madina.

Palikuwa na mtu akiitwa Hit, mwenye tabia za kike. Akiingia nyumbani kwa wake za Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) kwa sababu alihesabiwa miongoni mwa wasio na haja na wanawake. Katika kuzingirwa Taif, mwaka wa 8 Hijria, akasikika akimweleza ndugu yake Ummu Salama jinsi mwili wa binti wa Ghaylan ulivyo, akiingia na akitoka, akimsifia amchukue mji ukifunguliwa. Mtume akaamrisha asiingie tena kwa wanawake. Habari hii iko Bukhari na Muslim. Angalia kilichomtoa. Maumbile yake yalijulikana tangu mwanzo, na alikuwa akiingia. Kilichomtoa ni kwamba alichukua siri ya faragha ya wanawake akaipeleka kwa wanaume. Faragha ile ilikuwa ni haki yao, na ilipovunjwa mlango ukafungwa bila mjadala.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akisherehesha Sahih Muslim ameeleza kuwa watu wa aina hii ni wawili. Yupo aliyeumbwa hivyo, sauti na mwendo, hakujilazimisha: huyo hana lawama wala dhambi. Na yupo anayejitia kwa makusudi: huyo ndiye aliyekemewa. Na hata yule wa pili, Abu Dawud amepokea kwamba aliletwa mmoja aliyejipaka hina mikononi na miguuni, akahamishwa mji. Watu wakauliza, tumuue? Mtume akajibu kwamba amekatazwa kuwaua wanaoswali. Wapo waliodhoofisha sanad yake, lakini wewe unayeandika "wapigwe mawe" chini ya picha ya mtoto wa watu, ulikuwa umeisikia?

Zama zetu swali lilirudi kwa sura ya upasuaji. Mwaka 1988 mwanafunzi wa udaktari wa al-Azhar, aliyekuwa upande wa wanaume, alifanyiwa upasuaji awe mwanamke. Kitivo cha wanaume kikamkataa, na cha wanawake kisimpokee. Mufti wa Misri wakati huo, Shekhe Tantawi, akatoa fatwa: upasuaji unaofunua jinsia iliyofichika mwilini ni tiba, wa kubadilisha kwa matamanio tu haujuzu. Mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Makka likaamua karibu hayohayo: aliyekamilika uume au uke haijuzu kumgeuza, na mwenye alama zilizochanganyika hutazamwa zilizo nyingi, atibiwe kuondoa utata. Iran walifuata njia nyingine, na sisi hatuwafuati katika hilo.

Na hapa Kenya msidhani ni habari ya mbali. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha 1,524. Mwaka 2010 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya mfungwa mmoja, huntha, aliyewekwa Kamiti pamoja na wanaume, akivuliwa nguo na kugeuzwa kichekesho. Alikuwa amehukumiwa kwa wizi wa mabavu, si mtu mwema. Bado mahakama ikasema kudhalilishwa vile hakukuwa haki, ikamtunza shilingi 500,000. Walitakiwa na Sarakhsi wa kuwapangia safu.

Narudi kwa yule mama. Nilimwambia kwanza ampeleke mtoto hospitali kwa daktari wa viungo hivyo, kwa sababu fiqhi ya leo haiwezi kuishia kwenye kukojoa. Ameshaenda, na wanaendelea kumwangalia. Chuoni nimemkalisha mstari wa mbele, baina ya wavulana na wasichana, karibu na meza ya ustadhi; watoto wanadhani ni kwa sababu anasoma vizuri, na kweli anasoma vizuri, amefika Suratul Balad. Choo, nimempa ufunguo wa kile cha walimu. Wasichana wana chao, na hakiingiwi na mwingine.

Habari ya mirathi yake, fungu gani apewe na lipi lisimamishwe mpaka jambo lake libainike, ni ndefu. Nitaiandika Ijumaa ijayo in shaa Allah.

Wallahu aalam.